Sikungoja Sauti ya Pili

Makosa ni yangu. Naanza hapo kabisa, kabla hujaanza kunihurumia. Kuna watu walitajwa, wakasutwa, mmoja akatukanwa mpaka mlangoni kwake, na hakuna hata mmoja wao aliyekosa. Ni mimi. Ni mikono hii ninayoandikia.

Nimekaa na hii kitu miaka. Bwanangu hajui. Kanisani hawajui. Majina nimebadilisha yote, na nchi aliyotoka huyo dada sitaitaja, maana watu wake wengine bado wako hai na nimeshawaumiza vya kutosha.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa mtaa wa Lindi, ndani ya Kibera hapa Nairobi, chumba kimoja cha udongo na mabati. Kwetu ni upande wa ziwa. Nilisomea kutaipu, nikakosa kazi, nikafulia watu nguo mpaka vidole vikachubuka, halafu Mama Wanjiru wa Kawangware akaniandika.

Mama Wanjiru alikuwa mwenyeji, wa wale ambao shamba la babu zao ndilo limegeuka ploti. Alikuwa na vyumba vya kupangisha nyuma ya 56, ile stage ya matatu, na kimoja akakitoa kiwe ofisi ya amani. Usicheke! Wakati huo, uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umepita, huko mashambani watu walikuwa wamechomewa nyumba, na hapa mjini tulikuwa tunaangaliana kabila kwa kabila, kwa jicho la pembeni. Landilodi anamwogopa mpangaji, mpangaji anamwogopa landilodi. Mama Wanjiru akaita akina mama wa Kawangware na akina mama wa Lindi, wakakaa benchi moja, wakakubaliana kwamba uvumi ukija hakuna kukimbilia panga. Tunaulizana kwanza.

Hiyo "tunaulizana kwanza" ndiyo ilikuwa kazi yetu yote.

Halafu ikakua. Tukajua kumbe kuna vikundi kama chetu Kampala, kuna vingine Tanzania, na vingine huko ambako damu ilikuwa inamwagika kila siku. Tukashikana. Mtu akitishwa kwao, wenzake wa nchi nyingine wanampokea. Habari mbaya ikisikika mpakani, simu inapigwa kutoka mji hadi mji kabla wabaya wenyewe hawajafika. Mama Wanjiru alikuwa anasema, "Moto wa jirani hauombi ruhusa kuruka ua."

Na tulikuwa na sheria moja. Sauti mbili. Mtu akija kumwulizia mgeni tunayemficha, sauti yake haitoshi, hata aje na Biblia kichwani. Unapigia simu kikundi kilichomtuma, unasikia sauti ya pili, unaandika kwenye daftari. Mimi natia sahihi, Mama Wanjiru anatia yake. Basi. Hakuna kitu kigumu hapo.

Huyo dada nitamwita Consolata. Alikuja na begi moja na kitabu kidogo cha anwani alichokifunga kwa lastiki. Kwao alikuwa amekusanya wajane wa pande zote mbili, wakawa wanalima shamba moja. Alijua ni kina nani walikuja kijijini kwao kuua, na nani aliwatuma, na hakuogopa kutaja. Vikundi vyote vilikuwa vinajipanga kukutana Kampala ili aongee. Kuna watu hawakutaka aongee.

Tulimtafutia chumba mtaa wa Olympic, hapo kando ya Kibera, kwa nesi mmoja mstaafu, mama asiye na maneno mengi. Waliojua walikuwa wawili tu, Mama Wanjiru na mimi. Mimi kwa sababu barua zake nilikuwa nampelekea nikienda nyumbani.

Tukawa marafiki. Aliniita "mudogo wangu" na tulikuwa rika moja. Alicheka Kiswahili changu, na mimi nikacheka chake. Alinionyesha kupika maharagwe kwa mawese, nikala mpaka nikalamba sufuria. Lakini hakuna siku hata moja alikaa akiupa mlango mgongo. Siku moja nikamuuliza kama huwa anaota ndoto mbaya.

"Hapana," akasema. "Mimi siote. Mimi nikiamuka ndiyo naona."

Sasa sikia ujinga wangu.

Kila mkutano wa nje alikuwa anaenda Wafula, mwenzetu wa Lindi. Mimi ndiye nataipu ripoti, mimi ndiye nagonga muhuri kwa bahasha, Wafula ndiye anapanda ndege! Akirudi anatugawia sabuni ndogo za hoteli. Nilikuwa naichukua, nasema asante, nainusa nikichukia. Pasipoti nilikuwa nimeihangaikia mpaka nikaipata, ikakaa chini ya godoro haina stempu hata moja. Hilo ndilo lilikuwa donda langu. Na mtu mbaya huwa hatafuti mahali ulipo na nguvu.

Alikuja siku ya Jumanne, mchana kweupe. Mama Wanjiru alikuwa ameenda Limuru kwa mazishi ya dada yake. Mvua ilikuwa imenyesha na hapo 56 palikuwa matope matupu, lakini viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Alijiita Fidelis.

"Wewe ndiye sekretari?" akaniuliza.

"Ndiyo mimi."

"Basi wewe ndiye nilitaka kuona. Huko Kampala jina lako linatajwa sana."

"Langu?"

"Ripoti zako. Tunaulizana, huyu dada anayeandika vizuri hivi, mbona hatumwoni kwenye mikutano?"

Woi! Mwenzangu, hakuna mtu alikuwa ameniambia neno kama hilo. Hakuna! Nikamvutia kiti. Nikampanguzia kiti!

Akatoa barua. Karatasi ilikuwa ya wenzetu wa Kampala kabisa, nembo yao, muhuri wao, niliujua vizuri. Akasema ana ujumbe wa Consolata kutoka kwa mama yake mzazi. Kwamba mama huyo yuko hai, yuko kambini, na kuna maneno amemtuma amwambie mwanawe kwa mdomo, si kwa karatasi.

"Najua mna utaratibu wenu wa simu," akasema. "Ni mzuri sana. Piga, nitangoja."

Nikapiga. Simu za siku hizo unazijua. Ikalia tuu, tuu, tuu, ikakata. Nikapiga tena, vilevile. Hakukasirika. Akaaga kwa heshima, akasema atarudi kesho.

Jumatano akarudi. Simu bado haishiki. Nikamwambia itabidi amngoje Mama Wanjiru, anarudi Alhamisi.

Akatabasamu. "Sawa. Shida ni kwamba majina ya watakaokuja mkutanoni yanafungwa leo. Ningependa kumwambia mkurugenzi wetu kwamba huyu dada alinisaidia mwenyewe, hakungoja kuambiwa na mtu. Bwana yule ni mkali, lakini akisikia hivyo atakuandikia barua kwa mkono wake."

Bwana yule.

Mkurugenzi wa Kampala alikuwa mwanamke! Anaitwa Dada Norah, nilikuwa nimeongea naye kwa simu mara nyingi. Na nilisikia. Nataka uelewe hapo, nilisikia vizuri kabisa. Kitu kilinishika hapa kifuani kama mkono wa baridi. Halafu nikajiambia, ulimi umeteleza. Mgeni wa watu, Kiswahili si chake. Nikajieleza mpaka nikajiamini.

Nikafungua daftari. Nikaandika: Imethibitishwa kwa simu, Kampala. Nikatia sahihi yangu. Pale pa pili nikatia ya Mama Wanjiru. Nilikuwa nimeiona mara nyingi, ile W yake yenye mkia mrefu. Nikasema akirudi nitamweleza, ataelewa.

Gari lake lilikuwa jeupe, limeegeshwa mbali na stage, na dereva ndani ambaye hakunisalimia. Tukaenda Olympic. Nilipomwonyesha geti nilidhani atashuka. Hakushuka.

"Leo nimechelewa," akasema. "Nitakuja kesho nijitambulishe vizuri."

Akaliangalia geti. Akaangalia barabara upande wa juu, akaangalia upande wa chini, polepole, kama fundi anayepima kitambaa. Nilimwonyesha kwa kidole hiki, msomaji. Hiki hapa.

Alhamisi Mama Wanjiru akarudi kutoka mazishini, macho yamevimba. Nikaona si siku ya kumsumbua. Ona vile dhambi inavyojua kutafuta adabu ya kujificha!

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Dada Norah.

"Sikiliza vizuri," akasema, hata salamu hakutoa. "Ofisi yetu ilivunjwa wiki jana. Wameiba karatasi zetu na muhuri. Kuna mtu anazunguka na barua za uongo. Tumepigia vikundi vyote, ni nyinyi tu simu yenu ilikuwa haiingii. Kuna mtu amefika huko kwenu?"

Nikalitazama daftari.

"Hapana," nikasema.

"Mungu ni mwema. Mwambie Mama Wanjiru sasa hivi. Mhamisheni Consolata leo leo. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

Unaona? Ile kazi yetu yote, nchi hadi nchi, ilikuwa imefanya kazi! Onyo lilitoka kwao likavuka mpaka, likafika kwa wakati. Likafika sikioni mwangu, likakwama hapo.

Mama Wanjiru alikuwa nje uani, anaongea na fundi wa mfereji. Hatua tatu tu. Akaniuliza kupitia mlangoni, "Nani huyo amepiga?"

"Ni Kampala. Wanakupa pole ya dada yako."

Haki ya Mungu, ndivyo nilisema.

Nikajipangia. Nitapita Olympic jioni nimwambie Consolata mwenyewe, ahame kimyakimya, hakuna mtu atajua nilimleta yule mtu. Nilikuwa nataka kumwokoa na kujiokoa kwa mkono mmoja.

Nilifika jua bado liko juu. Consolata alikuwa anaanua nguo kwenye kamba, anaimba. Alikuwa ameligeuzia geti mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue!

"Mudogo wangu!" Akaangusha nguo, akanikumbatia. "Mama yangu iko muzima! Ule bwana alikuja jana. Kesho asubuhi ananipeleka mahali niongee na yeye kwa simu!"

"Kesho?"

"Kesho mapema. Miaka yote hii mama anafikiri nilikufa. Unaelewa?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Yalikuwa hapa, kwenye ulimi, ni kufungua tu. Lakini nikimwambia huyo mtu ni mwongo, ataniuliza, si ni wewe ulithibitisha? Nikatafuta njia ya katikati. Nikasema, "Labda ungengoja Mama Wanjiru, muende pamoja."

Akacheka. "Ningoje nini tena? Nimengoja ya kutosha. Na asante, mudogo wangu. Aliniambia ni wewe ulimuleta."

Akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. Ilikuwa baridi kwa sababu ya nguo mbichi.

Nikaenda nyumbani. Nilienda nyumbani, unasikia? Nikapika ugali, nikashindwa kuula.

Asubuhi niliamka kama mtu aliyepigwa kofi. Sikuosha uso. Nikakimbia kutoka Lindi mpaka Olympic, nimeamua nitasema yote, hata wanifunge. Nikamkuta nesi anafagia mbele ya geti.

"Umepishana nao sasa hivi," akasema. "Gari jeupe. Walikuwa wanaume watatu. Alivaa ile rinda yake ya kanisa."

Nikaingia chumbani. Kikombe cha chai kilikuwa mezani bado kinatoa mvuke. Kitabu chake cha anwani hakikuwepo. Alikuwa amekibeba.

Hatukumwona tena. Mama Wanjiru alizunguka vituo vya polisi na mimi nyuma yake kama kondoo. Wakatuambia mtu mzima ametoka na watu wa kwao, tungoje. Akazunguka hospitali, akazunguka mochari zote, mwenyewe anafungua mlango, mwenyewe anaangalia, ananiambia nikae nje nisiumie roho. Mimi! Nisiumie roho! Mpaka leo Consolata hana kaburi.

Na kile kitabu. Hazikupita wiki nyingi, simu ikalia. Ni mimi niliishika. Huko kwao wawili kati ya wale wajane walikuwa wamechukuliwa nyumbani kwao, na wengine wameacha shamba, wamekimbia. Majina yao yote yalikuwa ndani.

Wenzetu wa Kampala na wa Tanzania wakaja Kawangware kuuliza. Kile chumba kilijaa mpaka wengine wakasimama uani, akina mama wa Lindi upande mmoja, wa Kawangware upande mwingine. Dada Norah akafungua daftari mezani.

"Hapa pameandikwa imethibitishwa na Kampala. Kampala ni mimi. Mimi sikuongea na mtu." Akageuza daftari. "Sahihi ni mbili."

Mama Wanjiru akavaa miwani, akaangalia. "Hii ya pili si mkono wangu."

Dada Norah akanigeukia. "Ile Ijumaa nilikupigia nikakwambia umwonye Mama Wanjiru. Ulimwambia?"

Nikasema, "Nilimwambia."

Mama Wanjiru akavua miwani, akanitazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira!

"Msichana," akasema, "sema tena."

Nikasema tena.

Ndiyo hapo kila kitu kikapasuka. Mama mmoja wa Lindi akapiga kelele kwamba hawa wenye ploti wameuza mtoto wa watu. Mwingine wa Kawangware akamjibu kwamba aliuzwa na wapangaji, Consolata si alikuwa anakaa karibu na Kibera? Makabila yakatajwa. Wale waliokuwa wamekaa benchi moja miaka hiyo yote wakatoka kila upande kwa mlango wake. Na mimi nimekaa katikati yao, ninajua neno moja ambalo lingewanyamazisha wote, na sikulisema.

Wageni walirudi kwao na hawakutuma mtu Nairobi tena. Nani angetuamini? Ofisi ikafungwa, simu ikakatwa. Uchaguzi mwingine ulipokaribia, uvumi ulianza kutembea tena Lindi, na hakukuwa na mtu wa kuulizana naye. Jirani yangu muuza makaa, mzee wa Kikuyu aliyekuwa akinikopesha debe bila neno, akafungiwa mlango na watu aliowajua kwa majina, wakamwambia ahame kabla ya jua kutua. Akapakia mkokoteni. Alinipita hapo mlangoni akasema, "Kaeni salama." Sikuweza kumwangalia.

Siku hiyo ndiyo nilienda kwa Mama Wanjiru. Nilimkuta jikoni anachambua sukuma. Ukutani nje mtu alikuwa ameandika kwa makaa MUUZA WATU, na ilionekana amejaribu kuosha ikakataa kutoka. Nikapiga magoti, nikasema yote.

Hakuacha kuchambua. "Nilijua tangu ile siku."

"Mama, mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilisema si mkono wangu. Aliyebaki kusema ni wewe."

"Nisamehe, mama."

"Kukusamehe nilikusamehe kitambo, la sivyo ningekufa na presha. Lakini amka hapo chini. Ulinichafua mbele ya watu, si hapa jikoni. Nenda ukaseme mbele ya watu."

Nikaahidi. Nikasema nitawatafuta akina mama wote, nitaandikia Kampala. Kila wiki nikapata sababu. Mtoto mgonjwa. Harusi. Ngoja mwaka uishe. Na mwaka ulipoisha nikasikia Mama Wanjiru ameanguka bafuni na hakuamka.

Alizikwa na lile jina. Kutoka Lindi hakuja mtu hata mmoja isipokuwa mimi, na mimi nilisimama nyuma kabisa, barabarani, kama mpita njia.

Basi leo niko mbele ya watu. Nimechelewa, lakini niko. Mama Wanjiru hakutia ile sahihi. Hakuambiwa na mtu. Watu wa Lindi hawakumuuza Consolata, na wa Kawangware hawakumuuza. Nilimtoa mimi, kwa sababu mwanaume mwenye viatu safi aliniambia naandika vizuri.

Na wewe unayesoma, wewe uliyewekewa siri ya watu mkononi, sikia. Mtu akikusifu kabla hajakujua, uliza anataka nini. Roho ikikushtua, usiibembeleze inyamaze. Na ukikosa, maana utakosa, sema saa ileile, hata kama mdomo unatetemeka. Mimi niliogopa kufukuzwa kazi. Niliogopa kuonekana mjinga. Aibu ingeniuma mwezi mmoja, miwili, ikaisha.

Consolata alikuwa bado na Ijumaa nzima ya kukimbia. Nilikuwa nayo mimi, nimeifungia mdomoni, nangoja kupambazuke.

Jamani, msingoje kupambazuke.